Mahali na Mahari

Siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa kipaza sauti, na mimi na kipaza sauti hatupatani. Nilisema asanteni, nikasema Mungu awabariki, nikaketi nikanywa soda. Kumbe nilikuwa na la kusema. Nimeona niliandike, hasa kwa ajili yenu mabinti wa chumba cha kushonea cha hospitali, kwa sababu wiki ile ile niliwasikia wawili wenu wakinong'onezana habari za mtu anayetafuta mafundi wa kwenda kushona mjini, kazi nzuri sana, na hakuna kati yenu aliyejua ni mji gani. Mkipenda someni, msipopenda fungieni vitumbua.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, fundi, na mshahara wa fundi mnaujua wenyewe.

Nilijifunza kushona kwetu Mugoma, miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumetolewa kwenye migomba yetu ya zamani tukapangwa kando ya barabara, nyumba baada ya nyumba. Baba yangu, mzee Leonsi, alihamia pale na mke, watoto na ng'ombe mmoja, na yule ng'ombe akafa kabla hatujamaliza kuezeka. Zizi lilibaki tupu. Baba hakulibomoa, na kila asubuhi alisimama kidogo pale kwenye miti yake kabla ya kwenda shamba la kijiji. Hilo la zizi mlikumbuke, maana litarudi.

Kijiji kilipata cherehani chache, zikawekwa katika chumba kimoja pembeni mwa ghala la kahawa, na akaletwa mwalimu kutoka Mbuba. Jina lake Mama Gaudensia, mjane aliyefundishwa kushona na masista, mfupi, mkimya, na mkasi wake hakuna aliyethubutu kukatia karatasi. Siku ya kwanza nilijua nitashona gauni. Sikugusa hata uzi. Alinikalisha kwenye cherehani isiyo na sindano akaniambia nikanyage.

"Miguu kwanza," alisema. "Mikono ina kiburi, tutaishughulikia baadaye."

Ninyi wa cherehani za umeme hamtaelewa. Cherehani ya kukanyaga ikikutana na mguu mgeni hurudi nyuma, na ikirudi nyuma inakata uzi na kukuaibisha mbele za watu. Nilikanyaga mpaka mapaja yakakataa kupanda ngazi ya ghala. Halafu akanipa karatasi zenye mistari nitoboe kwa sindano bila uzi, moja kwa moja, kona kwa kona. Nililia kidogo, kwa hasira tu, kwa sababu wenzangu niliomaliza nao darasa la saba walikuwa wanasema najifunza kuendesha baiskeli ndani ya nyumba.

Wakati wa kugeuza kola, kazi inayoacha mdomo huru, Mama Gaudensia alitufundisha mambo mengine. Alijua kwamba fundi anayejulikana ataitwa, na wanaoita si wote wanaotaka kushonewa.

"Mtu akikuita kazini, usianze na mshahara," alisema. "Mshahara atautaja mwenyewe, na utakuwa mzuri. Wewe mwambie akuonyeshe cherehani. Ukishaiona, muulize aliyekuwa anaikalia yuko wapi."

"Na asiponijibu?" niliuliza.

"Atakujibu. Atakwambia utazoea. Ukisikia utazoea, jua hajakujibu."

Tulicheka. Nilikuwa msichana, na Biharamulo kwangu ilikuwa mbali sana, sembuse kuitwa huko.

Lakini niliitwa. Alikuja na lori lililofuata kahawa, Bwana Sospeter, mfanyabiashara wa Biharamulo mwenye duka na kofia nzuri. Aliona sare za shule tulizoshona, akazigeuza ndani nje, akauliza nani amepiga pindo hizi. Wenzangu wakanionyesha kwa vidole. Siwafichi, nilifurahi. Ukiwa na miaka ile, mtu mzima akisifu pindo zako unajiona umeshika mbingu.

"Nina cherehani mpya, imekaa tu," aliniambia. "Njoo kwangu. Utakuwa mtoto wa nyumbani kabisa. Sisi sote ni ndugu siku hizi."

"Wateja wako wanashonesha nini zaidi?" nikamuuliza. "Sare au magauni?"

"Mbalimbali. Utazoea."

Mama Gaudensia alikuwa pale pembeni akipiga pasi. Hakuinua kichwa, ila pasi ilisimama kidogo juu ya kitambaa, halafu ikaendelea. Mimi nilikwisha kulisahau somo, nilikuwa nafikiria cherehani mpya. Na leo nikikumbuka maneno ya Sospeter, naona alitaja nyumbani kwake mara nyingi kuliko alivyotaja kushona.

Jioni akaja kwa baba. Hapa lazima nieleze jambo ambalo sisi wa Ngara tunalijua na wageni hucheka. Katika Kihangaza herufi ile ya l hatuna shughuli nayo. Baba yangu alisema rori, alisema arasiri, na hata akijitaja jina alijiita Reonsi. Akitaka kusema mahali, yaani sehemu ya kukaa, ilitoka mahari. Na mambo ya pa na mu ya Kiswahili cha shule hakuyajali kabisa.

Nilikuwa mlangoni na sahani ya ndizi. Sospeter alikaa kwenye kiti kizuri, kile kimoja tulichokuwa nacho.

"Mzee, nataka binti yako aje kwangu Biharamulo," alisema. "Kazi ni ya kushona."

Baba akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza ambacho baba yeyote angeuliza mtoto wa kike akiitwa mbali.

"Na mahari je?"

"Mahari si neno, mzee. Mimi si mbahili."

"Nataka mahari yenye murango."

Sospeter akasita. "Mlango?"

"Murango unaofunga," baba akasema. "Binti hawezi kurara mahari ya wazi."

Mgeni akamtazama baba. Naona alidhani amekutana na mzee mgumu, anayepandisha bei kwa mafumbo. Akakohoa, akavua kofia, akaiweka gotini.

"Basi wawili," alisema. "Wote wana mimba."

"Nani wana mimba?"

"Ng'ombe, mzee. Si umetaja mahari?"

Jikoni mama yangu alianza kucheka akaziba mdomo kwa kanga. Nami ningecheka, ila kitu kimoja kilinishika. Mtu aliyekuja kutafuta fundi, ukimtajia mahari, atashtuka. Atasema hapana mzee, hukunielewa, mimi nataka mshonaji. Sospeter hakushtuka. Alikuwa na jibu tayari, na ng'ombe alikwisha kuwachagua, mpaka mimba zao alikuwa anazijua. Na mke alikuwa naye nyumbani, jambo ambalo kila dereva wa lori alilijua.

Nikamwangalia baba. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ameelekeza macho nje, kwenye zizi. Hapo nikaogopa kweli. Sikumwogopa Sospeter, yeye nilikuwa naweza kumkimbia. Niliogopa kwamba baba yangu, niliyempenda na aliyenipenda, ataona ng'ombe wawili wenye mimba na kazi juu yake, aone amefanya jema, na mimi nitakwenda kwa amani yake na sitashona tena maishani.

"Nitafikiri," baba akasema.

"Usifikiri sana, mzee. Wapo wengine wanaoitaka nafasi hii."

Asubuhi nilimkuta Mama Gaudensia ana pini mdomoni. Nilimweleza yote. Alizitoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akasema.

"Alianza na kazi au alianza na ndoa?"

"Alianza na kazi, akamalizia na ng'ombe."

"Basi alisema kazi. Mwende mkaione kazi."

"Baba hataki kuona kazi, Mama. Baba ameona ng'ombe."

Akacheka, jambo la nadra. Akaja yeye mwenyewe nyumbani, akapiga goti kumsalimia baba, shikamoo mzee, marahaba mama, akaulizia mvua, akaulizia maharage, halafu akasema kwamba ng'ombe hawanunuliwi kwa masikio. Mzee aende Biharamulo akawatazame kwa macho yake, na binti akatazame cherehani kwa macho yake. Baba aliona hilo lina akili. Alikwenda kuazima koti.

Tulipanda lori la kahawa, juu ya magunia, kupitia Nyakahura, na vumbi lilitubadilisha rangi. Baba alikunja lile koti akalikalia ili lisichafuke. Njiani alizungumza kuhusu ng'ombe, jinsi ndama wa kwanza atakavyoitwa. Mimi nilikuwa narudia maswali mawili moyoni, nisije nikayasahau mbele ya cherehani mpya.

Sospeter alitupokea vizuri. Viti vilitolewa barazani, chai ikaletwa na mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, niliyedhani ndiye mkewe, aliyetusalimia kwa adabu akasimama kando. Baba akauliza ng'ombe wako wapi. Wako malishoni, mbali kidogo. Nami nikaomba kuona cherehani.

Ilikuwa sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake redio. Niliomba ruhusa nikaishusha redio. Nikafunua. Ilikuwa cherehani nzuri, hilo sikatai, ila mkanda wa gurudumu haukuwepo, sindano ilikuwa na kutu, na droo ya kuwekea bobini ilikuwa imejaa misumari. Hapo palikuwa hapajashonwa kitu siku nyingi.

"Mkanda nitanunua," Sospeter alisema.

"Aliyekuwa anashona yuko wapi?"

"Alishindwa. Mvivu."

Yule mwanamke alikuwa mlangoni na birika. Mtoto wake alikuwa amevaa kigauni, na mimi macho yangu hayawezi kupita kwenye nguo bila kutua. Kilikatwa kutoka mfuko wa unga, maandishi bado yakionekana kwa mbali, lakini kola ilikuwa imelala sawasawa pande zote mbili na pindo halikuonekana hata lilipoanzia. Kilishonwa kwa mkono, na mkono wenyewe haukuwa wa mvivu.

"Nani ameshona hiki?" nikamuuliza.

"Mimi," alisema polepole.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Baba yangu hakujua kola wala pindo, lakini alikuwa na watoto wa kike. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama mtoto, akaiangalia ile redio sakafuni.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Nyakahura, baba. Naitwa Domina. Nililetwa hapa kushona."

"Na mahari?"

Sospeter akaingilia. "Domina, lete sukari."

Sukari ilikuwa mezani. Domina hakwenda. Alikuwa Msubi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu, lakini alikwisha kuishi na Wahangaza kiasi cha kujua kwamba neno lile kwao lina milango miwili.

"Unauliza ya kulala, baba, au ya ng'ombe?"

Baba akafikiri. Naona ni hapo tu alipoelewa alichokuwa amekiuliza siku ile nyumbani kwetu, na alichojibiwa.

"Zote," akasema.

"Hakuna," Domina akasema. "Nalala stoo, na usiku mlango wake unafungwa kwa nje."

Baba akachukua kofia yake. Nilidhani atagomba. Badala yake alinigeukia mimi, mbele ya mtu mzima mwenye duka, jambo ambalo wazee wa wakati ule hawakulifanya.

"Sema wewe," aliniambia. "Wewe ndiye umeitwa."

Nilisema, "Asante, Bwana. Kazi nimeiona. Sitakuja."

"Kwa nini?" Sospeter akauliza.

Sikumjibu, na hapa nawasihi mnisikilize. Ukishakataa, nyamaza. Ukitoa sababu, atairekebisha sababu na wewe utabaki huna la kusema. Ukisema mkanda, atanunua mkanda. Mimi nilifumba mdomo, na yeye alipoona kwangu hakuna pa kushika, akamgeukia baba.

"Watatu," alisema.

"Nirikuuriza murango," baba akamjibu, "wewe unanipa ng'ombe."

Tukatoka. Chai ilibaki. Kwenye lori baba hakutaja ndama tena, alilivaa lile koti la kuazima akalichafua kabisa, na mama akalifua siku iliyofuata huku akinung'unika. Zizi alilibomoa wiki ile ile. Miti yake akajengea banda la kuku.

Mama Gaudensia aliniuliza jambo moja tu kuhusu cherehani, sindano namba ngapi, nikamwambia ya kutu. Kisha akaniuliza mengi kuhusu Domina. Akamwita dereva wa lori, akamtuma: akipita kule, amwambie yule dada kwamba Mugoma kuna kiti kitupu na cherehani yenye mkanda. Dereva alipeleka ujumbe. Siku moja ya gulio lori likasimama, na Domina akashuka na mtoto na kifurushi. Alikaa kwenye cherehani mbele yetu sote. Niliona anaogopa miguu itakuwa imesahau. Akakanyaga, na gurudumu likaenda mbele. Alijiziba uso na upande wa kanga akalia, na Mama Gaudensia akamsogezea kola za kugeuza. Tulishona pamoja naye miaka, na tundu za vifungo sijaona mwingine wa kumfikia.

Halafu vikaja vita. Mapigano yalikuwa kaskazini, upande wa Kyaka, lakini kwetu tuliyahisi kwa vijana walioondoka na kwa vitu vilivyokosekana. Sabuni ilikosekana, chumvi, na kitambaa kikawa habari ya kusimuliwa. Cherehani moja baada ya nyingine zilifunikwa. Wakati huo walikuja waitaji wengi, kwa sababu watu wasio na kazi huitwa kwa urahisi. Mmoja alitaka mafundi wa kufuata jeshi, waondoke siku hiyo hiyo, na akakasirika tulipomuuliza nani amemtuma. Vita imeingia, alisema, hakuna kuuliza. Sisi tukauliza tena. Akaondoka peke yake.

Hapo ndipo iliponiita hospitali hii, na ninyi wengi hamjui niliingiaje. Sista mmoja, mrefu, mwenye haraka, alikuja Mugoma kutafuta mshonaji wa shuka na magauni ya wagonjwa. Alianza kwa kunitajia mabaya. Shuka zote ni kuukuu, alisema. Uzi hautoshi. Cherehani inavuta kushoto. Aliyekuwepo ameacha kwa sababu macho yamechoka, anakaa nyuma ya kanisa, nenda ukamuulize. Nikaenda. Bibi yule alinikaribisha, akanithibitishia kila neno, akaniongezea mawili ambayo Sista aliyasahau, na akanifundisha kuchana shuka lililochakaa katikati na kuunganisha pindo zake ili pazima pawe katikati. Mnaifanya mpaka leo na mnadhani niliibuni mimi. Nilirudi kwa Sista nikamwambia nitakuja. Sikutaka kukataa kila kitu maishani, nilitaka tu kuona kabla ya kuitikia.

Baba alinisindikiza. Alikuwa amezeeka, na njia nzima hakuzungumza, midomo yake tu ilikuwa inachezacheza. Nilidhani anasali. Tulipofika, Sista alikuwa na shughuli tele, akasema vizuri sana, aanze leo. Baba akamzuia kwa mkono, kwa adabu. Akajiweka sawa, akavuta pumzi.

"Sista," alisema. "Ma-ha-li. Mahali pake pa kulala ni wapi?"

Nililisikia lile l. Lilitoka kamili, na pa yake nayo ikakaa panapotakiwa. Sista hakujua amesikia nini, akatuonyesha tu chumba mwishoni mwa korido. Baba akaingia. Hakutazama kitanda wala dirisha. Alishika mlango, akaufunga, akaufungua, akalikagua komeo kwa kidole. Halafu akatoka nje, akaniacha mimi ndani, akauvuta mlango.

"Funga," alisema kutoka upande wa pili.

Nikasukuma komeo. Akajaribu kuufungua, haukufunguka. Akajaribu tena kwa bega. Kisha nikasikia miguu yake ikienda kwenye korido, na sauti yake ikiendelea kulirudia lile neno.